Njaa ya Kubadilishana

Mizani ya Kituo cha Badiliko, kule Raskazone mjini Tanga, ilikuwa na adabu zake. Haikutangaza namba mbele za watu. Ulipanda, ikanyamaza kidogo, kisha ikakunong'oneza sikioni kwa sauti ya mwanamke mpole.

"Kilo mia moja na kumi na sita, mama. Pole."

"Pole mwenyewe," Mwanakombo akaijibu, akashuka akitafuta viatu kwa vidole vya miguu, maana kuinama kulikuwa kazi nyingine.

Mwezi wa tatu, juu ya mizani hiyohiyo, alikuwa na kilo themanini na nane. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Hesabu mwenyewe. Na usije ukasema kama wanavyosema kule Ngamiani, kwamba Mwanakombo hana subira na mdomo wake hauna breki. Waongo wakubwa! Mwanamke huyu alikuwa amekonda mara sita. Wewe umekonda mara ngapi? Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa, akala matango na ndimu mwezi mzima, akatoa kilo nane, zikarudi kumi na moja. Baadaye zikaja sindano za Jumamosi. Baadaye kipira cha kumeza, kile kinachovimba tumboni. Kilikaa miezi sita, na siku kilipotolewa alikula sahani ya wali kwa maharage akilia kwa raha. Mara ya tano walimtia kidude ulimini, kidogo kuliko punje ya mtama, kikageuza kila kitu kuwa na ladha ya karatasi. Alikonda kilo ishirini na tano. Kisha siku moja akajikuta anakula hiyo karatasi kwa bakuli, anaongeza na pilipili. Kila mara kilo zilirudi, na hazikurudi peke yao, zilirudi na wageni.

Kukonda hakukuwa tatizo lake, alikuwa bingwa wa kukonda. Kubaki amekonda ndiko kulikomshinda, na alijichukia kwa hilo kwa miaka ishirini na nane.

Daktari Hoza alimkaribisha kitini. Alikuwa mama wa Kisambaa mwenye maneno machache, na siku hiyo alikuwa nayo machache zaidi. Akawasha ukuta, moyo wa Mwanakombo ukatokea hapo ukubwa wa ngoma, unadunda.

"Unaona pale? Mlango ule haufungi sawasawa. Damu inarudi nyuma."

"Nauona, daktari. Zibeni basi."

"Hatuwezi kukupasua ukiwa na uzito huu. Ukifika themanini na tano, ukakaa hapo mwaka mzima, tutauziba. Lakini ukishuka na kupanda tena kama ulivyozoea, moyo huu hautavumilia mara ya saba. Nakwambia ukweli, Bi Mwanakombo. Mwaka, labda mwaka na nusu."

Mwanakombo akautazama moyo wake ukihangaika ukutani, akauonea huruma kama kwamba ni wa mtu mwingine.

"Sasa niambie na ukweli mwingine," akasema. "Kwa nini zinarudi? Mimi sili kuliko dada yangu. Wallahi sili kuliko jirani yangu."

Hapo Daktari Hoza akavuta kiti. Alieleza hivi. Ndani ya kichwa cha kila mtu, chini kabisa ya ubongo, kuna sehemu ndogo mfano wa choroko. Wao pale kituoni waliiita mlinzi. Mlinzi huyo hajui kilo, hajui kiuno, hajui daktari kasema nini. Anajua kitu kimoja: mwili ukipungua, apige kelele. Hiyo kelele ndiyo njaa. Na kila mara mtu anapojikondesha kwa nguvu, mlinzi hudhani njaa kuu imeingia nchini, basi mara inayofuata anapiga kelele kubwa zaidi, na anaubana mwili usitumie chakula ovyo. Kelele ikishapanda haishuki tena. Mtu aliyekonda mara sita ana mlinzi aliyeingiwa wazimu.

"Mnyamazisheni."

"Tulijaribu. Watu kumi na wanne. Wakasahau kula kabisa, tukawa tunawalisha kwa mpira, na bado tukawapoteza." Daktari alivua miwani akaifuta. "Mlinzi hawezi kuachwa bila kelele yoyote. Lakini tunaweza kubadilisha. Yako impate mtu mwingine, na ya kwake ikupate wewe. Awe ndugu wa damu, mtu mzima, aliyeridhia. Na awe mtu ambaye mlinzi wake hajawahi kushtuliwa, yaani hajawahi kujinyima chakula maishani mwake."

Mwanakombo alielewa upesi sana, na ndiyo maana alisimama upesi.

"Yaani nimtafute mtu wa damu yangu nimpe hii?"

"Ndiyo."

"Astaghfirullah! Kwaheri, daktari."

*

Nyumbani kwake, Barabara ya Kumi na Mbili, alimkuta dada yake Tima ukumbini anamsubiri. Tima alimsikiliza mpaka mwisho, akajipiga kifua.

"Mimi nipo. Wanipe mimi."

"Wewe, dada, una mia na nne, na kujinyima umejinyima sana. Hata mlangoni hutapita."

"Basi nani? Mama yetu yuko udongoni. Kaka hatumjui hata yuko nchi gani."

Wakaishia hapo wote wawili, kwa sababu jina lililobaki lilikuwa moja, na mwenye jina alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa kazi begani, hajulikani amesimama hapo tangu lini.

Shemsa alikuwa binti pekee wa Mwanakombo, miaka ishirini na minne, kilo hamsini. Kazi yake ilikuwa bandarini, anaketi mezani anaongoza winchi tano kwa vidole. Watu wa mtaani walishangaa vipi mpishi wa shughuli, mwanamke wa masufuria ya kilo hamsini, kazaa binti wa namna ile. Na Mwanakombo kila alipoulizwa alikuwa na jibu tayari, tena analitoa kwa maringo: "Mwanangu mtu wa ibada." Kila Jumatatu Shemsa amefunga. Kila Alhamisi amefunga. Sita za Shawwal amefunga, siku nyeupe za katikati ya mwezi amefunga, na akiwa hajafunga analipa deni la Ramadhani. Pilau litoke jikoni linanukia mpaka barabarani, wageni wagombanie mafupa, yeye atasema kwa upole, "Nimefunga, mama," na hapo tena nani atamgusa? Mjini Tanga mtu hakubaliwi kukataa chakula. Utasema umeshiba, utapakuliwa. Utasema unaumwa, utapakuliwa mchuzi. Lakini ukisema umefunga, watu wanaondoa sahani na kukuombea dua.

"Mimi ninafaa," Shemsa akasema pale mlangoni. "Mama mkubwa, mwambie kuwa ninafaa."

"Toka hapa!" Mwanakombo akafoka. "Hujui unachokitaja. Hii si figo. Hii inakaa nawe mezani, inalala nawe, inaamka kabla yako. Nikupe wewe? Mimi ni mama au ni jini?"

"Utakufa."

"Nitakufa na kelele zangu."

Alisema hivyo kwa siku tatu na alikuwa anamaanisha. Nisimsingizie, alikuwa anamaanisha kabisa.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili, harusi Chumbageni, watu mia sita. Mwanakombo alikuwa juu ya sufuria la pili anageuza pilau, na kifua kikambana. Hakuona giza wala malaika. Aliona tu mwiko unamtoka mkononi, kisha akaona mawingu. Akiwa chini, mgongo kwenye mchanga wa moto, aliwasikia wasaidizi wake wanabishana kwa sauti za hofu kama waanze kumwinua yeye au waepue sufuria lisiungue. Waliepua sufuria.

Hapo chini, kwa muda ule mfupi, Mwanakombo aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo tangu azaliwe. Alitaka kuishi, alitaka vibaya, bila haya, na kila kitu alichokuwa amesema kwa siku tatu kilimtoka kama jasho. Shemsa alipofika mbio kutoka bandarini na kumshika mkono, Mwanakombo hakumtazama usoni.

"Bado unataka?" akauliza.

"Nataka, mama."

"Basi."

*

Wiki iliyofuata walikaa pamoja mbele ya Daktari Hoza. Ukuta ulikuwa umeshasoma damu ya Shemsa, mifupa yake, mafuta yake, ukaridhika. Ilibaki fomu ya maswali, na daktari aliisoma mwenyewe polepole, kwa sababu kwa sehemu hiyo hapakuwa na mashine.

"Kelele ya mlinzi haipimiki," alieleza. "Anaisikia mwenyewe tu. Kwa hiyo nakutegemea wewe useme kweli. Umewahi kujinyima chakula kwa kusudi la kupunguza uzito au kuzuia usiongezeke?"

"Sijawahi."

"Hata kwa muda mfupi? Hata shuleni?"

Shemsa akameza mate. "Sijawahi, daktari."

Daktari alikawia. Kalamu ilikuwa juu ya fomu na macho yake yalikuwa kwenye mishipa ya shingo ya binti. Na labda angeuliza tena, labda angeuliza kwa namna nyingine, lakini Mwanakombo akadakia, tena kwa fahari.

"Huyu, daktari? Huyu ni mtu wa saumu tu. Jumatatu na Alhamisi, tangu yuko darasa la saba. Uliza mtaa mzima."

"Aa, saumu." Daktari akalegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Saumu ya ibada haina neno. Tumewapima wafungaji wengi. Mtu akifuturu vizuri, mlinzi hana wasiwasi naye." Akatia alama.

Walilazwa vitanda viwili, kofia za nyaya vichwani, pazia katikati. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Hapakuwa na maumivu, ila baridi puani na ladha ya chuma. Mwanakombo alisikia mwanawe akikohoa upande wa pili wa pazia, akataka kupiga kelele wasimamishe. Hakupiga. Alijiambia kofia imeshafanya kazi, imeshapita. Baadaye alimuuliza daktari, akaambiwa wakati ule ilikuwa bado.

"Ukiamka kesho utakuta kimya," Daktari Hoza alimwambia wakati wa kuondoka. "Wengine hulia wakikisikia. Hawakujua watu wengine wanaishi hivyo. Na kama kuna tatizo lolote, mna siku arobaini. Ndani ya arobaini tunaweza kurudisha kila mtu yake. Zikipita, basi, zimeota mizizi."

*

Mwanakombo aliamka akitega sikio.

Tima alikuwa ameleta boko boko la ngano na nyama kwenye hotpoti, limepakwa samli, na mashoga wawili wa mtaani walikuwa wamekaa mkekani kushuhudia. Mwanakombo alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini. Vigelegele! Tima alilia mpaka ushungi ukalowa. Yeye mwenyewe alicheka pamoja nao. Lakini aliweka kijiko chini kwa mazoea ya mtu aliyekonda mara sita. Njaa alikuwa nayo.

Alijiambia ni masalia, kama harufu ya moshi kwenye nguo. Siku ya tisa aliongea na daktari kwa njia ya ukuta, akaambiwa kelele huchukua muda kutulia. Siku ya kumi na tano ilikuwa palepale. Ilikuwa ndogo kuliko yake ya zamani, hilo alikiri, ndogo kwa robo hivi. Ile ya zamani ilikuwa inampiga kofi, hii ilikuwa inamvuta nguo. Lakini haikuwa kimya. Hata kidogo.

Na Mwanakombo alizijua njaa zote. Ipo njaa ya kazi, ukila inakwisha na unasahau. Ipo ya mimba. Na ipo ya mtu aliyejikondesha, na hiyo haikai tumboni, inakaa kichwani: unashika vidole vyako jua la Januari, vina baridi, mtu anakusimulia msiba na wewe unatazama anavyotafuna. Ndiyo aliyokuwa nayo. Njaa ya mtu wa kujinyima, tena wa miaka mingi.

Alipata jibu siku ya ishirini na mbili, Alhamisi. Alikuwa uani anaanua nguo, adhana ya magharibi ikalia. Mate yalimjaa kinywani, mwili mzima ukageuka kuelekea jikoni kabla yeye hajaamua kitu. Akakumbuka kuwa Jumatatu ilikuwa hivyohivyo. Na Alhamisi iliyopita. Na Jumatatu ya kabla yake. Yeye hakuwa amefunga. Kwa dawa za moyo alikuwa hajafunga sunna miaka kumi. Kelele hii haikuwa imejifunza hayo kwake.

Alisimama na shuka mkononi mpaka iqama ikaisha, hakuweza kuingia ndani.

Kesho yake, mchana baada ya swala ya Ijumaa, alimkuta Shemsa jikoni. Alikuwa amesimama juu ya sufuria la jana anabandua ukoko kwa kijiko, anakula haraka, mgongo kaupa mlango. Kwa wiki tatu alikuwa ameongezeka kilo sita. Gauni lilimkaza mabega. Aliposikia hatua alificha kijiko, na kitendo kile kidogo kilimuuma Mwanakombo kuliko kifua chake kilivyowahi kumuuma, maana hata yeye alijua kukificha.

"Kula, mwanangu. Mimi si polisi."

"Nilikuwa nasafisha tu."

"Shemsa. Hii uliyonipa, uliipata wapi?"

"Ipi, mama?"

"Usijitie hamnazo. Nimeishi nayo siku ishirini na tatu. Ulikuwa unafuturu nini siku zile za saumu zako?"

Binti alikitoa kijiko alichoficha, akakiweka juu ya sufuria. Kisha akaketi chini, palepale sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Maji," akasema. "Maji na tende moja. Kisha ninakwenda kulala mapema."

"Tangu lini?"

"Harusi ya mama mkubwa Tima, ile ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Fundi alikuja kupima sare. Alinizungushia futi hapa kiunoni, akakuambia uongeze kitambaa kabisa, huyu atakuwa kama mama yake. Mkacheka wote. Na wewe ulicheka, mama."

Mwanakombo alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka. Kwake ilikuwa siku kama nyingine, kilikuwa kicheko kama kingine, kimeshapita.

"Na ibada?"

"Mwanzoni nilinuia kweli. Baadaye nilikuwa nasema tu. Ukisema umefunga hakuna anayekuuliza mara ya pili." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Wewe ulikuwa unanisifu. Ningewezaje kuacha?"

"Na fomu ya daktari! Ungesema kweli, Shemsa! Ungesema!"

"Ningesema kweli wangeturudisha nyumbani. Ungekufa. Nilidhani yangu ni ndogo. Wallahi nilidhani ni kawaida, kila mtu anayo hivyo, ananyamaza tu." Kisha akainua macho, na Mwanakombo akaona ndani yake ule ukali wa mtu anayesikiliza kitu kimoja mchana kutwa. "Lakini hii yako, mama. Ulikuwa unaishije na hii? Ulikuwa unapikiaje watu?"

Mwanakombo alikaa naye sakafuni, kwa shida, akamvuta kichwa kifuani. Walilia kwa sauti, na kati ya kilio wote wawili walikuwa wanajua kuna ukoko umebaki kwenye sufuria.

"Nitarudisha," Mwanakombo akasema. "Siku zipo. Kila mtu achukue yake. Heri yako mara mia kuliko yangu."

Shemsa alimshika tu mkono wa gauni.

*

Walikwenda siku ya arobaini. Ilikuwa iwe siku ya thelathini, lakini kulikuwa na shughuli ya watu. Ikawa iwe ya thelathini na tano, Tima akaumwa. Kila mara palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Shemsa hakumkumbusha hata mara moja.

Kituo kilikuwa juu ya ngazi ishirini na mbili. Mwanakombo alizipanda huku anapanga maneno ya kumwambia daktari, na alipofika juu aligundua kuwa hakupumzika katikati. Aligeuka. Shemsa alikuwa ngazi ya kumi na tatu, ameshika ukuta, anahema.

Mizani ilimnong'oneza mama: mia moja na saba. Ilimnong'oneza na binti, na binti hakumwambia mtu.

Daktari Hoza alikuwa ameshaandikiwa kila kitu. Hakuwalaumu. Alionekana mgonjwa kuliko wao.

"Fomu ile nitaibadilisha," alisema. "Haitawasaidia ninyi, lakini nitaibadilisha." Kisha akaweka mikono mezani. "Bi Mwanakombo, kwa kanuni mwombaji ni wewe, na mwombaji ndiye anayeomba kurudisha. Yeye hawezi. Leo saa kumi jioni ndiyo mwisho. Nikirudisha, kila mtu anapata ile aliyokuja nayo. Yake haitakuwa kimya, lakini anaijua, ataishi nayo. Yako unaijua."

"Na moyo?"

"Nilikwambia. Mwaka, mwaka na nusu."

"Na nisiporudisha?"

"Utahangaika. Lakini kwa kelele hiyo, na kwa ulivyo, nadhani utafika themanini na tano. Nadhani utabaki hapo. Tutauziba mlango." Alimtazama Shemsa, akarudisha macho mezani. "Yeye atapanda. Ana miaka ishirini na minne. Atakonda, zitarudi, atakonda. Akifika umri wako atakuwa amekaa kwenye kiti ulichokaa wewe. Sina cha kumficha."

"Na akipata mtoto? Anaweza kubadilishana naye?"

"Kanuni haimkatazi."

Mwanakombo alikuwa na maneno yake tayari, alikuwa ameyasema garini, ameyasema mbele ya kioo, amemwambia hata Tima: rudisha, daktari, mimi nimekula vya kutosha duniani. Alifungua kinywa ayaseme. Na mwili wake wote ukakataa. Alikumbuka mchanga wa Chumbageni mgongoni. Alikumbuka ngazi ishirini na mbili. Alikumbuka ile kelele ya zamani, kofi baada ya kofi, tangu alfajiri mpaka anapolala, miaka ishirini na nane, na akajua kwa hakika ya kutisha kwamba hawezi kuipokea tena. Hata iwe kwa ajili ya nani. Alikuwa akidhani kuna kitu ndani yake chenye nguvu kuliko njaa, na alikuwa akidhani kinaitwa umama. Alikitafuta. Alikitafuta kweli, daktari anangoja, binti anangoja.

"Sitaki," akasema.

Ilitoka sauti ndogo, akairudia ili asije akasema hakuisema.

"Sitaki kurudisha. Nisamehe, mwanangu. Siwezi. Naogopa."

Shemsa aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa saa. Hakulia. Alichukua mkoba wake, akauvaa begani, akautengeneza mkanda uliokuwa umembana.

"Nilijua, mama," akasema. "Tangu siku ya thelathini nilijua."

"Ungenilazimisha! Ungepiga kelele, ungenitukana!"

"Ningekulazimishaje? Nimeshaisikia hiyo kelele." Akamsaidia kuinuka, ingawa Mwanakombo hakuhitaji tena kusaidiwa. Wakamuaga daktari, wakatoka nje kwenye jua kali la saa saba, wakasimama juu ya ngazi. Chini, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na mama anakaanga viazi, na mafuta yalikuwa yananukia.

"Twende," Shemsa akasema. "Nina njaa."

Mwanakombo alitaka kusema kwamba na yeye anayo. Akanyamaza, kwa sababu ile aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwanawe.